Mzigo Alioubeba Milembe

Minza mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Bariadi tupo. Babu yako anakohoa, mvua imegoma, na mimi nimechoka tu. Si ugonjwa, ni uzee.

Unauliza kama ni vibaya kuondoka huko ughaibuni kimyakimya, ili wewe na rafiki zako msilie. Mwaka ule ushirika uliposhindwa kununua pamba, wakaja wanunuzi binafsi, babu yako alipata kazi kwao, tukahama Shishiyu kuja huku Bariadi. Yeye alitangulia. Mimi nilitoka alfajiri ili nisimuage mtu. Milembe, rafiki yangu niliyekuwa nikilima naye, akanikuta njiani. Alinitua mzigo kichwani, akajitwika, akaongoza njia. Kwetu anayekusindikiza ndiye anayebeba. Tulikwenda mpaka barabarani. Basi lilipofika hakuutua. Kondakta akafoka.

“Subiri,” Milembe akamwambia. “Bado naubeba.”

Tangu siku hiyo mizigo mingi nimeibeba mwenyewe, na shingo inajua. Ule mmoja haujawahi kuniuma.

Siku ya safari waite rafiki zako, Minza, na usishike begi hata moja.

Bibi yako