Beishen Asishikwe na Baridi

Bishkek,
mwishoni mwa Novemba

Mdogo wangu Kalipa,

Nakusalimu wewe, na goti lako bovu, na wote wanaoingia kwako kunywa chai. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba theluji ya Naryn haijauziba mlango wako kama mwaka jana. Sisi huku tupo. Shemeji yako Beishen anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi ananiuliza kama leo ni siku ya mshahara, ingawa reli ilimstaafisha zamani. Mimi nimepungua mwili, lakini mkono bado unaandika, kama unavyoona. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami safari hii sitaki kukatizwa. Dereva wa basi dogo la Naryn ameahidi kukufikishia mpaka mlangoni.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimenunua kidhibiti joto. Usicheke. Nimehangaika nacho mwezi mzima kuliko nilivyohangaika kumtafutia Ermek mchumba.

Unajua kwamba kiangazi kilichopita tuliling'oa jiko la makaa ya mawe, tukaweka boila ya gesi, kwa sababu moshi wa mji huu ulikuwa unatumaliza. Boila ni nzuri, ila ilikuwa ikingoja kuamrishwa kwa mkono. Baridi ikizidi niiname niongeze, ikipungua niiname nipunguze. Na Beishen akiiona ile taa yake ndogo inawaka, huizima, kwa kuwa maisha yake yote amefundishwa kutoacha taa inawaka bure. Nikiwa nyumbani naiwasha tena na hakuna neno. Lakini tangu tumbo langu lianze safari za hospitali, nilijua lazima nyumba ijipashe joto yenyewe. Nikaamua mambo mawili: Beishen asishikwe na baridi nikiwa sipo, na kifaa chenyewe kilingane na pensheni ya mwalimu.

Ermek, kutoka huko Urusi anakofanya kazi, hakutaka kusikia habari ya pensheni. Alisema mama yake hawezi kununua kitu rahisi kama kitambaa cha sokoni, akatuma fedha, akachagua mwenyewe kile cha bei ya juu kuliko vyote. Fundi akaja, akakifunga ukutani, akakiunganisha na simu yangu, akaifungia boila kabatini ili mzee asiifikie. Nilifurahi. Nikaenda hospitali, nikalala huko siku mbili.

Kumbe kile kifaa, Kalipa, kilikuwa kinajua kama kuna watu nyumbani kwa kuifuata simu. Simu ikiwepo, mtu yupo. Simu ikiondoka, nyumba ni tupu, basi kinapunguza moto ili kuokoa gesi. Simu ni moja tu, yangu, na nilikuwa nayo chini ya mto wa hospitali. Beishen hana simu. Ya mwisho aliitia kwenye pipa la unga. Nje ilikuwa baridi ya kugandisha mate. Jirani yetu Tursunai alipomletea maziwa asubuhi alimkuta ameketi sebuleni amevaa koti la manyoya na kofia yake ya sufu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja treni. Hakuwa amemwita mtu yeyote. Niliporudi nikamshika vidole, akaniangalia bila hasira, akasema:

"Zuura, mbona uliondoka na moto wetu?"

Niliwaambia ninyi nyote kwamba alipata mafua kwa sababu hewa imebadilika. Haikuwa hewa.

Siku iliyofuata nilikifungua kile kifaa kwa bisibisi, nikakirudisha dukani. Mwenye duka, mwanamke mmoja aitwaye Damira, mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa kisu, alikigeuzageuza akaniambia hakina kosa.

"Bibi, hiki kina akili kuliko mume wangu," alisema.

Nikamjibu kwamba akili kinayo, adabu ndiyo kimekosa: kimemtazama mzee wa watu ameketi mbele yake, kikasema hakuna mtu. Wateja wakacheka, naye akacheka, kisha akaniwekea kiti. Tangu siku hiyo amekuwa rafiki yangu, ingawa tumegombana kila nilipokwenda.

Alinionyesha cha pili, cha bei ya katikati. Sifa yake kuu ni kwamba hutambua dirisha likifunguliwa, kikazima boila palepale ili moto usipotee. Nilimuuliza huizima mpaka lini. Akasema mpaka dirisha lifungwe. Sasa wewe unamjua shemeji yako. Tulikaa miaka mingi katika ghorofa za reli, moto ukija kwa mabomba ya mji, hauongezwi wala haupunguzwi. Ukikuchoma ulikuwa unafungua dirisha dogo la juu, basi. Mpaka leo Beishen akiamka hulifungua, na mara nyingi hulisahau. Damira aliposikia hivyo alisema basi nimfundishe mzee alifunge. Nikamwambia nimefundisha fizikia miaka mingi na najua mwanafunzi gani hafundishiki tena. Afadhali nichome gesi ya kuupasha moto mtaa mzima.

Cha tatu kilikuwa kinazungumza. Alinipa nikijaribu nyumbani kwa siku chache. Kilipotangaza kwa sauti ya mwanamke kwamba chumba kimefikia joto lililotakiwa, Beishen alisimama, akaitikia salamu, akaniuliza kwa kuninong'oneza kwa nini mgeni hajamiminiwa chai. Jioni alikikatia mkate. Tursunai alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema dada Zuura, angalia, umeletewa mke mwenza. Nilicheka nami. Lakini alfajiri nilimkuta Beishen amesimama mbele ya ukuta, amejifunika blanketi, anamwomba radhi mgeni kwa kuwa hamkumbuki jina. Nikakirudisha siku hiyohiyo.

Cha nne ndicho nilichonunua, na kilikuwa cha bei nafuu kuliko vyote, nacho Damira alikitoa rafu ya chini akiona haya. Hakifuati simu. Hakijali dirisha. Hakisemi. Kina namba kubwa na gurudumu moja la kuzungusha, na umeme ukikatika kisha ukarudi kinakumbuka kilichoagizwa. Nimekiwekea mipaka: Beishen aweza kulizungusha gurudumu atakavyo, naye hulizungusha, kwa kuwa mwanamume anataka kuamuru nyumbani kwake, lakini joto haliwezi kushuka chini ya kumi na tisa. Na mtu aliyepewa ruhusa anaweza kukisoma na kukirekebisha kwa simu yake, hata akiwa mbali, hata akiwa Naryn.

Sasa kaa, mdogo wangu, kama umesimama.

Tumbo langu si vidonda. Nilikuambia vidonda kwa sababu vidonda vinapona. Daktari, kijana mpole ambaye nadhani niliwahi kumfundisha dada yake, aliniambia tangu Septemba, nami nikamwomba aseme tena polepole ili nisije nikajidanganya. Sitaona majani ya masika. Wakati nakusimulia juu ya nyumba kujipasha joto nikiwa sipo, sikuwa nazungumzia siku mbili za hospitali. Beishen nimemwambia. Alilia, akanishika kichwa, na baada ya chakula akawa amesahau. Nimeamua kutomwambia mara ya pili. Ermek nitamwambia mwenyewe Ijumaa. Mkataba wake unamalizika Aprili, na najua atarudi. Lakini kati ya mimi na Aprili kuna baridi yote.

Sikuombi uje kukaa hapa. Goti lako halitaki, na midomo ya mtaa ingesema mengi juu ya shemeji na shemeji. Chakula, Tursunai ameapa. Ninachokuomba ni joto. Umesoma vipimajoto miaka yote kule kituo cha hali ya hewa mlimani. Hakuna ninayemwamini zaidi. Kila asubuhi na jioni itazame namba ya kifaa. Ikishuka, mpigie Tursunai.

Na siku ile yenyewe, mtakaponisimamishia hema uani na kunilaza humo kungoja mazishi, mimi nitahitaji baridi, wala msiwashe chochote. Lakini milango ya nyumba itakuwa wazi siku tatu, watu wakiingia na kutoka, basi ongeza namba mapema. Wanaume watamsimamisha Beishen nje ya hema apokee waombolezaji, kama desturi. Asimame kidogo, ili asivunjiwe heshima, kisha mtu amwingize ndani. Akiuliza ni nani amefariki, mwambieni ukweli. Akiuliza tena, mwambieni ni jirani.

Usinijibu kwa kilio. Nakijua kilio chako tangu utotoni na ni kirefu. Wasalimie wajukuu wa mjomba, na mwenzako wa kituoni kama bado anatembea. Beishen anakusalimu, ametoka kuniuliza namwandikia nani, na nilipomtajia jina lako alitabasamu.

Nimekwisha kukutumia ruhusa. Kwenye simu yako utaona swali: je, unakubali kuongezwa katika nyumba hii? Bonyeza ndiyo, Kalipa. Bonyeza leo, nikiwa bado naweza kuona kwamba umekubali.

Dada yako akupendaye,
Zuura