Mstari Mmoja Kwenye Faili la Oola

Jumapili, 5 Oktoba 2025

…na masikio! Jana nimejaza kurasa mbili nzima kwa mikono ya mume wangu na sauti yake, nikasahau masikio. Ni madogo, yamelala vizuri kichwani, na akisoma kitu kigumu yanasogea. Naapa yanasogea! Nimemchungulia kanisani asubuhi yote. Padri alihubiri nini, sijui.

Kesho tunatimiza mwezi mmoja. Mimi Reine wa Bukavu, muuza vitenge, mke wa Oola! Yeye Kifaransa hajui hata neno. Mimi Kiingereza changu ni cha madarasa ya jioni. Kwa hiyo tunapendana kwa Kiswahili: changu cha nyumbani, chake cha kambi ya polisi alikozaliwa, ambako kila sentensi ni amri. Siku ya kwanza kunitoa matembezini alivuta kiti akasema, "Kaa! Kunywa soda!" Nikakaa. Nikanywa. Ndivyo mpaka leo.

Habari kubwa: anaomba uprofesa kamili. Sasa hivi ni profesa mshiriki wa kompyuta, na faili lazima lifike chuoni Ijumaa, nakala tisa. Yeye ana rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikasema nitamchapia mimi, nilisomea uchapaji. Akanipigia saluti katikati ya sebule. "Sawa, Afande!" Ndilo jina langu humu ndani. Afande.

Yaya Bibiane, dada yangu mkubwa, alipita kula wali wetu. Akatazama feni iliyosimama tangu harusi. "Umeolewa na daktari wa kompyuta, na feni inamshinda?" Oola akasema feni si kompyuta. Yaya akasema, "Ndiyo, shemeji. Feni ni rahisi zaidi." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 7 Oktoba

Maisha yake yote yako mezani kwangu, kwenye bahasha za kaki. Sikujua mtu anaweza kumpenda mume kupitia vyeti!

Cheti cha shule ya msingi, kina doa la mafuta ya taa. Halafu sekondari. Ananiambia kompyuta ya kwanza aliiona akiwa na miaka kumi na sita, ofisini kwa mkubwa wa kambi. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama sahani za mgeni. Hakuna aliyejua kuiwasha. Baba yake, koplo, alimwombea ruhusa ya kusoma kile kitabu kilichokuja nayo. Alikisoma siku tatu, akaenda akaiwasha, na askari wote walirudi nyuma hatua moja!

Digrii ya kwanza, 2007. Udaktari, Norwei, 2014. Mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki. Wanafunzi saba wa udaktari, wote wamemaliza. Nimewaandika mmoja mmoja kama watoto wetu.

Tasnifu yenyewe ina kurasa mia mbili na kumi. Nimeelewa ukurasa mmoja tu, wa shukrani. Amewashukuru watu kumi na mmoja. Hata mpishi wa bweni aliyemtafutia pilipili kule kwenye theluji! Nikaona wivu, simo. Nikakumbuka mwaka huo nilikuwa Bukavu kwenye sare ya shule, namchukia mwalimu wa hesabu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru wa Uganda. Hakuna kazi, gwaride kwenye televisheni. Bendi ya polisi ikipita Oola anapiga mdundo mezani na kalamu nyekundu, na mitihani inaruka. Nimepika sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki. Amekula mara mbili.

Nikamwambia, sheri, mpenzi, hapa kwenye wasifu wako pana shimo. Toka 2008 mpaka 2010 hakuna kitu.

Hakuinua kichwa. "Andika chochote. Utafiti binafsi."

Utafiti gani? Akacheka kidogo. Akaweka kalamu. Na hivi ndivyo nilivyopewa zawadi ya leo — miaka miwili ya mume wangu ambayo hakuna cheti chake!

Baada ya digrii hakupata kazi. Mzee Fadhul, Mnubi, fundi wa redio za jeshi wa zamani, alikuwa na duka la kutengeneza simu Kasubi. Akampa benchi na chumba cha nyuma. Wakati ule watu wa kaskazini walikuwa wanatoka kwenye kambi za wakimbizi wa vita kurudi vijijini, na mtandao wa simu haufiki kule. Mama yuko Kampala, mtoto yuko kijijini, hawasikilizani. Basi Mzee Fadhul akabuni njia. Mteja anakuja kaunta, anasema maneno yake kwenye simu, sauti inawekwa kwenye kadi ndogo ya memori, kadi inapewa dereva wa basi la Kitgum. Kule kuna mtu anawachezea wenye ujumbe wao. Jibu linarudi kwa basi hilohilo. Oola ndiye aliyeandika programu ya kupanga sauti zisichanganyike.

"Hayo yote ndiyo tasnifu yangu," akasema. Mtandao ukikatika, ujumbe haufi. Unakaa, unasubiri anayepita, unapanda naye. Dunia nzima sasa wanasoma anayoandika kuhusu mitandao inayosubiri.

Nililia kwenye sombe. Sauti ya mama ndani ya mfuko wa shati wa dereva! Halafu ati utafiti binafsi!

Nimeandika ukweli. Kwa Kiingereza, kwa msaada wa simu yangu: fundi wa simu na mwandishi wa programu, duka la Mzee Fadhul, Kasubi, hapa ndipo wazo la mitandao inayosubiri lilipoanzia. Umependeza, mstari huo. Ndio mstari mzuri kuliko yote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nakala tisa zimekwenda! Alisaini zote akiwa amesimama, soksi moja mkononi, bila kusoma. Akanibusu kwa kila nakala. Mara tisa. Nimehesabu.

Jumatano, 15 Oktoba

"Reine."

Si Afande. Reine. Alikuwa mlangoni, hajavua viatu.

"Uliandika nini pale?"

Bi Atoo wa ofisi ya wafanyakazi amempigia. Kamati inataka barua ya kila mwajiri aliyetajwa. Ya Kasubi haipo. Iletwe kabla ya tarehe thelathini na moja, la sivyo faili linawekwa kando mpaka mwakani. Na mjumbe mmoja ameuliza: kama wazo lilianzia dukani, mbona duka halimo kwenye tasnifu?

Nikasema, lakini ni kweli! Akasema ndiyo, kweli, nani amekuuliza kweli? Nikasema wewe uliniambia andika chochote. Akasema chochote, si hicho! Akala amesimama karibu na sinki kama mtu anayengojea basi. Nikaosha sahani moja mara tatu.

Ugomvi wetu wa kwanza. Mbaya kabisa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi alinisamehe kwa chai. Mimi nilimsamehe kabla ya chai. Basi akaeleza.

Anaweza kuandika barua kwa Bi Atoo kwamba mstari ule uliingia kwa makosa, ufutwe. Shimo libaki shimo, hakuna sheria inayokataza shimo. Faili linaendelea. Akaniomba niichape.

Nikauliza, kwa nini usiende tu Kasubi kwa Mzee Fadhul akakupa barua?

Akakoroga chai, ikatoka polepole. Habari ya ufadhili wa Norwei ilipokuja, Mzee alikuwa Bombo kwenye mazishi ya kaka yake. Oola aliogopa angeambiwa abaki, maana Mzee alikuwa anamwita mwanangu na kusema duka ni lake. Akamwachia jirani funguo, akaondoka bila kumngoja. Akajiambia nitaandika barua kutoka kule. Hakuandika. Mwaka ukapita, akaona haya kuandika kwa kuchelewa. Mwaka wa pili haya zaidi. Wakati wa shukrani aliandika jina la Mzee, akalitazama, akalifuta. Maana angelitaja, ingebidi amtumie nakala.

"Miaka kumi na tano, Reine. Kasubi mimi sipitagi. Teksi ikipita kule, mimi nashuka."

Nilimshika mkono. Lakini barua ya kufuta sichapi. Nimemwambia. Achape mwenyewe, vidole anavyo.

Amechapa. Iko kwenye mkoba wake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda Kasubi! Oola anadhani nimekwenda kwa Yaya. Mungu anisamehe, na Yaya pia.

Niliuliza watu watatu, wote walijua. Duka lipo, bluu, upana wa kitanda. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, miwani miwili — mmoja machoni, mmoja kwenye paji la uso. Akadhani nimeleta simu. "Weka hapa, mama. Imeanguka kwenye maji au kwenye hasira?"

Nikasema mimi ni mke wa Oola.

Akavua miwani yote miwili. Akanitazama. Akasema, "Mkongo?" Nikasema ndiyo. "Amepata bahati. Anakula sasa? Zamani alikuwa anakula kama mtu anayetoroka." Akaagiza chai ya tangawizi kutoka ng'ambo ya barabara.

Kumbe anajua kila kitu. Mwaka juzi alimsikia Oola redioni akihojiwa kuhusu mitandao inayosubiri. Aliita mtaa mzima waje wasikilize, mpaka mwenye saluni alimwacha mteja na povu kichwani. Wakasikiliza mpaka mwisho.

"Nikangoja ataje duka. Hakutaja. Nikawaambia, muda wa redio umekwisha, angetaja."

Hakusema kwa ubaya! Ndiyo iliyoniua.

Nikaomba barua. Nikaeleza tarehe, kamati, yote. Akasikiliza vizuri.

"Kuandika najua, binti. Kalamu hii hapa. Lakini duka hili lina kanuni moja tangu enzi za kadi. Mwenye ujumbe anakuja kaunta mwenyewe. Mama wa miaka themanini alikuja, mgonjwa alibebwa akaja. Profesa ana miguu?"

Nikasema anayo, mizuri sana. Akacheka mpaka akashika kaunta! Akaniandikia namba yake kwenye kipande cha boksi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemwambia baada ya misa. Yote, mpaka redio. Sikupamba.

Aligeuka akatazama ukuta. Nilipofika kwenye "muda wa redio umekwisha" alitoka akaenda kuzunguka maghorofa yetu ya Bugolobi kwa miguu, mara nyingi. Nilikuwa namwona kutoka dirishani kila akipita. Ana mwendo mzuri hata akiwa na huzuni.

Kipande cha boksi nimekiweka chini ya kikombe chake. Amekunywa chai, amekirudisha palepale.

Jumatano, 22 Oktoba

Yaya anasema nimekosea. "Mwanamume hasukumwi kama gari bovu, unamwachia mteremko." Nikamwambia yeye mume wake alimsukuma mpaka kanisani. Akakata kitenge vibaya.

Halafu mchana Bi Atoo amepiga simu ya nyumbani. Ati profesa aliahidi tangu wiki jana kuleta barua ya kufuta mstari, mbona haijafika, ataileta au haleti? Nikasema sijui, madamu, nitamwuliza.

Hajaipeleka! Siku sita inatembea kwenye mkoba, inakwenda chuoni na kurudi! Nilicheza peke yangu jikoni. Sitamwuliza kitu. Namwachia mteremko.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika haraka, yuko kibarazani, mlango uko wazi.

Amerudi saa tisa mchana, mapema. Hakuvua koti. Alichukua kile kipande cha boksi na simu, akatoka. Amesimama wima kama mbele ya mkubwa wa kambi. Simu imeita muda mrefu.

"Mzee. Shikamoo. Ni mimi… Oola. Ndiyo, huyohuyo."

Anasikiliza. Mgongo wake naujua sasa, unasema kila kitu.

"Ndiyo, nakula."

Anasogea mpaka ukingoni mwa kibaraza.

"Nilifuta jina, mzee. Nilikuwa nimeliandika, nikalifuta. Mimi mwenyewe, si redio."

Oh. Amekaa chini. Sakafuni, na suti ya chuo! Sauti ya Mzee inasikika mpaka hapa mezani, maneno siyasikii, ni ndefu, inapanda na kushuka. Oola anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo mzee. Kumbe Mzee ameuliza kuhusu ile barua ya kamati, maana Oola anajibu:

"Usiiandike. Hapana, nasema kweli, usiandike. Mimi nikija na karatasi ya kamati mkononi, utajuaje nimekufuata wewe?"

Uprofesa wake, mpaka mwakani! Nakala tisa! Nimeziba mdomo na daftari hili. Nilitaka kukimbia nimnyang'anye simu, na nilitaka kukimbia nimbusu. Nimebaki kwenye kiti.

Oola anangoja. Ananitazama kupitia mlango, macho yamejaa maji, ananyoosha mkono nije.

"Na mke wangu, ndiyo. Umeshamwona… Siku gani, bado sijui, kuna mitihani. Lakini kabla ya mwezi huu kwisha, mzee. Kwa miguu yangu. Kabla ya mwezi kwisha tunakuja."