Kipande cha Pembe na Mkono Wangu wa Kulia

Kahama,
Ijumaa, baada ya swala.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini hapo Korogwe mmeamka salama, na kifua chako hakikusumbui tena kwa ule ukungu wa asubuhi. Mimi sasa mzima. Nasema sasa, maana mkono wa kulia ulitaka kunirudisha nyumbani. Usishtuke. Dada Mwanahawa akusomee polepole mpaka mwisho, ndipo uanze kulia kama ni lazima.

Tangu niliposhuka treni Isaka nimeshika wosia wako: nisile cha mtu, nisiazimishe kitana, nisimwamini anayecheka sana. Na hirizi uliyonifunga kifundo cha mkono wa kulia sikuivua hata wakati wa kuoga.

Bendi yetu inapiga kwenye ukumbi wa Bwana Mohan, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mwanawe amerudi kutoka Uingereza na kaseti za muziki wa magitaa yanayonguruma utadhani mashine ya kukoboa imemezeshwa mawe. Wachimba dhahabu wakausikia, wakaupenda. Bwana Mohan akatoa amri: siku ya Idi tuupige huo, na mpiga gitaa la besi asipouweza, arudi kwao. Mpiga besi ni mimi, mama.

Vidole vyangu vimezoea rumba, mwendo ule ulivishinda. Ndipo Masanja, mpiga dramu wetu, Msukuma wa huku huku, akaniletea kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe, amekichonga na kukisugua mwenyewe mpaka kikawa kama ukucha.

"Pigia hiki," akasema. "Vidole havitakufikisha."

Nikamtazama. Nani anamchongea mgeni kitu bure? Tena kabla ya dramu, besi ilikuwa yake. Na baada ya mavuno huchezea kikundi cha ngoma, na huku vikundi hivyo hushindana kwa dawa za kuvuta watazamaji, wala hawafichi. Nikajiambia, mwenye dawa ya kuvuta watu hakosi ya kuvunja mkono.

Lakini kazi ni kazi. Nilikipokea kwa mkono wa kushoto, nikakiosha kwa maji ya chumvi, na hirizi nikaikaza fundo juu ya fundo. Nikaanza mazoezi. Mama, kiganja kilikufa ganzi! Vidole vikavimba, kile kipande kikawa kinaniponyoka katikati ya wimbo. Nikasema, ndiyo hayo. Kila nilivyozidi kuogopa, nilizidi kuikaza hirizi. Nikawa namchungulia Masanja hata anapopenga kamasi. Siku moja alikohoa, na uzi wa gitaa langu ukakatika papo hapo. Utasema si yeye?

Idi ilipokaribia, asubuhi moja alinikuta ukumbini peke yangu, akaniamkia kwa Kisukuma chao.

"Mwangaluka, Shabani. Mbona unakibana hivyo? Kishike kama kifaranga. Ncha tu iguse uzi, chini, juu, chini, juu. Kiwiko kitulie, kinachocheza ni kifundo cha mkono." Akanishika ili anionyeshe, akaona kamba ya hirizi ilivyozama kwenye nyama. "Nani kakufunga hivi?"

"Mama."

"Mama yako kakaza namna hii?"

"Nimeikaza mwenyewe."

"Kwa kumwogopa nani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Naye hakuuliza tena, alikwenda kukaa kwenye dramu zake akanipigia taratibu mpaka nikaweza kumfuata.

Basi mama, hirizi nimeivua, na ganzi imekwisha. Haijatupwa, imo ndani ya sanduku la gitaa. Siku ya Idi nilipiga mwanzo mpaka mwisho, wachimbaji wakaruka hata meza za Bwana Mohan zikapinduka, na kazi ninayo. Hata hivyo Masanja akinikaribisha chai, bado namwacha anywe kwanza.

Nisalimie mjomba Hamisi aliyenisindikiza stesheni, na dada Mwanahawa anayekusomea. Shangazi Tatu aliyeishona hirizi msalimie sana, ila barua hii asiisikie.

Masanja naye anakuamkia. Amenibembeleza nikuombe shangazi amshonee hirizi na yeye. Anasema ninyi watu wa Tanga sifa zenu zimefika mpaka huku, na kwamba amekonda kwa hofu, maana kuna mmoja wenu humkodolea macho kila anapokohoa. Ya kwake, amesema, isikazwe.

Mwanao anayekuombea afya,
Shabani