Ini la Babu Yako

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Mbeya tu wazima, ila baridi imetubana. Shangazi yako wa Iringa amejifungua mtoto wa kiume. Magoti yangu tuyaache.

Umeniuliza utajuaje kwamba sasa unaweza kuacha kujifunzia upasuaji kwenye boksi la mazoezi na kumtoa mtu mfuko wa nyongo, kwa kamera na vitundu vidogo. Mimi si daktari. Ninayoyajua ni ya marehemu babu yako tu.

Miaka ya sabini alikuwa akijifunza upasuaji hapa hapa. Mkuu wake alimwambia anunue maini ya mbuzi yenye nyongo, ajizoeze kuibandua bila kuitoboa. Alifanyia jikoni kwangu. Ikipasuka, ini linakuwa chungu, na mboga ya siku ndiyo hiyo hiyo. Tulikula uchungu mpaka nikamchukia huyo mkuu ambaye sijawahi hata kumwona.

Kisha jirani yetu, Mama Tumaini, aliyekuwa na mawe kwenye nyongo, akaambiwa babu yako ndiye atakayempasua, mkuu wake akisimamia. Akaja kwangu ameshika ubavu.

"Wewe ndiye mkewe. Nimwachie?"

Nilifikiri kwanza. "Siku hizi ini lake halina uchungu," nikamjibu.

Alipona, akabaki na kovu refu chini ya mbavu.

Kwa hiyo ukija likizo, beba hivyo vyuma vyako virefu vya upasuaji. Ini nitanunua mimi sokoni Mwanjelwa, na wa kwanza kuonja nitakuwa mimi.

Bibi yako