Mtu Asiyesikia Amri

Jumatatu, 2 Machi
Mbale tena. Nimetoka Jinja bila chai. Mguu wangu wa polio umevimba kwa safari. Rumande nimemkuta mteja wangu, Wanyama, fundi cherehani wa mtaa wa Nabuyonga, kiziwi tangu kuzaliwa. Askari walimwamuru asimame kwenye kizuizi cha barabarani. Hakusikia. Wakampiga risasi ya paja, kisha wakamshtaki kuwa mwasi. Kidonda kinanuka. Nimeomba daktari. Wamesema kesho.

Jumatano, 4 Machi
Daktari hakuja. Mahakamani nimeomba dada yake, Nambozo, amfasirie kwa ishara. Hakimu amekataa.
"Ishara za nyumbani si lugha, Wakili. Mshtakiwa aseme mwenyewe."
Aseme kwa kinywa gani? Nimekasirika.

Ijumaa, 6 Machi
Nyumbani Nalufenya, Jinja. Afande mmoja alikuwa ananingoja mlangoni.
"Wewe mama Mnubi, watu yako iliua sisi zamani. Leo nasimamia waasi?"
Marehemu baba, Mnubi, alikuwa askari wa utawala ule wa kijeshi wa zamani.  Mama yangu alisikia yote.
"Iache hii kesi, binti yangu. Vita havijaisha vichwani mwa watu."
Naogopa. Lakini nani mwingine atakwenda?

Jumanne, 10 Machi
Askari aliyefyatua risasi ametoa ushahidi. Nilimuuliza alifanya nini kwanza.
"Naita yeye. Naita tena. Napiga moja juu."
"Risasi ya juu ilipolia, afande, yeye alifanya nini?"
"Natembea tu. Kama mutu naenda soko."
 Askari mwenyewe akainamisha kichwa. Hapo ndipo hakimu akamruhusu Nambozo afasiri, na Wanyama akaeleza kuwa hakusikia lolote. Wanyama ameachiwa huru. Tumempeleka hospitali moja kwa moja.

Alhamisi, 12 Machi
Wamemkata mguu. Angetibiwa mapema angebaki nao. Nilipoingia wodini alinitazama, akafumba macho. Kwa kiziwi, huko ni kufunga mlango. Nimelia kwenye korido. Sioni fahari yoyote katika ushindi huu.

Jumapili, 29 Machi
Nabuyonga. Wanyama alikuwa uani, mkekani, anapinda suruali kwa sindano ya mkono. Nilisimama mbali kidogo. Akaniona. Akasema kwa vidole, Nambozo akafasiri.
"Anauliza, aliyempiga atashtakiwa?"
Nikasema sijui. Nikasema nitajaribu, na huenda tukashindwa.
Nambozo akamfasiria. Wanyama akasogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Nikakaa.