Fundo la upande wa kushoto

Alhamisi, jioni

Kiuno kinauma, lakini si kama nilivyoogopa.

Leo, kwenye mazoezi ya ngoma ya kutikisa tumbo, ya harusi ya Jumamosi, kiongozi wetu mpya, Feza, aliniambia kwa upole, "Mama Georgette, wewe ukae pale, utatupigia makofi. Tumbo yako imechoka." Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, ila niliumia. Nina miaka sitini na tatu, na tangu usichana nacheza mstari wa mbele.

Nilichukua kitambaa nijifunge kiunoni. Kikaanguka mara mbili. Katika kikundi chetu mchezaji hajifungi mwenyewe, hufungwa, na miaka yote ya ndoa aliyenifunga alikuwa marehemu mume wangu. Alikaza fundo upande wa kushoto na kusema, "Sasa nenda, uwasumbue."

Feza aliona. Alikuja akapiga magoti. "Fundo nitie upande gani, Mama?"

"Kushoto."

Ngoma ilipoanza, tumbo lilikumbuka lenyewe. Nilicheza nyimbo tatu bila kupumzika.

"Basi, mie njo nitapiga makofi," Feza akasema, yaani yeye ndiye atakayekaa pale.

Jumamosi nitakuwa mbele. Kitambaa sijakifungua bado.