Tangu Siku Ile Siiamini "Sijambo"

Tusajigwe, rafiki yangu,

Watu huanza barua kwa kusema, "Mimi sijambo, sijui wewe." Mimi siandiki hivyo. Neno hilo limenikaa vibaya rohoni tangu ulipoondoka.

Unakumbuka bwenini kwetu Iringa, Bibi Mkuu akipita asubuhi mstari hadi mstari? "Hujambo?" "Sijambo, mama." Wasichana arobaini, sijambo arobaini, kisha uji. Mimi Mhehe wa Ilula niliona ni adabu tu. Wewe wa Rungwe ulininong'oneza kwamba huyu haulizi, anahesabu. Kwenu mtu huuliza "Ughonile?", yaani, umelala? Ndivyo ulivyoniuliza mimi kila asubuhi, blanketi limekufunika mpaka kidevuni.

Siku ya mwisho uliitikia sijambo kwa sauti kuliko wote, na Bibi Mkuu akakusifu. Jana yake ulikuwa umenipa sweta lako la kijani. Nami mjinga nikafurahi, nikakwambia Mungu akubariki. Nani anagawa sweta mwezi wa Juni, kwenye baridi ya Iringa? Mbona sikushuku?

Walituambia ni homa. Homa gani, Tusa, isiyomlaza mtu hata siku moja? Mama yako alikuja na lori kuuchukua mwili wako, naye akaambiwa hiyo hiyo homa, na sisi tukakatazwa kulitaja jina lako. Mwisho wa muhula mpishi ndiye aliyeniambia kwamba ulijitoa uhai. Tangu hapo maneno ya wakubwa nayapima kwanza. Sababu yako siijui mpaka leo, na anayesema anaijua simwamini pia. Ninachojua ni kwamba hakuna mwalimu aliyekuuliza. Hata mimi sikuuliza, na wewe uliniuliza kila siku.

Sasa mimi ni mwalimu, katika shule ya wasichana karibu na Mbalizi. Wenzangu wananiita askari kanzu, kwa vile nawachunguza watoto. Wacha wanicheke. Mwezi uliopita Sekela wa darasa la sita, mtoto wa kwenu Rungwe, aligawa penseli zake zote, na kitambaa alichokidarizi mwenyewe akampa mwenzake. Mwalimu mkuu akasema huo ni ukarimu, mtoto amelelewa vizuri. Mimi nililikumbuka sweta lako. Nikamwita anisaidie kupiga pasi, na mkaa ukiwa bado haujashika nikamuuliza, "Sekela, ughonile?" Nililitamka vibaya kama kawaida yangu, akatabasamu kidogo. Halafu akasema, "Hapana, mwalimu."

Nikamuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Wenzangu wanasema swali hilo linampa mtoto wazo. Uongo. Wazo alikuwa nalo, tena peke yake, na nilipolitaja alilia mpaka akapumua. Sikumhubiria wala sikumgombeza. Alilala kwangu hadi shangazi yake alipofika, tukampeleka wote kwa daktari wa misheni. Mwalimu mkuu alitaka tuwaandikie wazazi kwamba ni homa. Nikamwambia homa hiyo naijua, na barua nikaiandika mimi, yenye ukweli.

Yupo, Tusa. Anakula. Juzi alidai penseli zake zirudishwe, wakagombana bweni zima, nami nikasimama mlangoni nafurahi kama mwehu. Lakini bado namtazama. Kila asubuhi napita kitanda kwa kitanda na swali lako, na anayenijibu haraka mno narudi kwake baadaye, tukiwa wawili.

Sweta lako nimelivaa mpaka viwiko vimetoboka. Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi, maadamu nafundisha, hakuna mtoto atakayepita mbele yangu kwa sijambo tupu. Na ungeniuliza leo kama nimelala, nisingekudanganya.

Hapana, Tusa. Nina jambo.

Wako,
Agata